Kanivali kabla ya Kwaresima: je, kigango cha Mbeya kinaweza kuifanya, na kwa namna gani?

Katibu wa Vijana, Uyole

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu na ndugu zangu, ninaandika nikiwa katikati ya mabishano ambayo sikuyatafuta, na ninaomba msaada wa wenye maarifa kabla hatujakaa tena kikao.

Mimi ni katibu wa vijana katika kigango kimoja hapa Uyole. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu inaangukia tarehe 18 Februari, na vijana wetu wameleta pendekezo kwamba Jumanne, tarehe 17, tufanye kile walichokiita kanivali: maandamano kutoka kigangoni hadi stendi, ngoma, mavazi ya kupambwa, vinyago vya maboksi, kisha chakula cha pamoja. Wazo wamelipata kwenye simu zao, katika video za Rio de Janeiro. Nilipolisoma pendekezo hilo mbele ya halmashauri, mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, ambaye ninamheshimu kama mama yangu mzazi, alisimama akasema kwamba hiyo ni sherehe ya watu wanaotembea uchi, kwamba asili yake ni upagani, na kwamba haiwezekani mtu akacheze barabarani Jumanne halafu Jumatano apige magoti kupakwa majivu. Vijana wakajibu kwamba sherehe hiyo ni ya Wakatoliki tangu zamani. Hakuna upande uliokuwa na ushahidi, na kikao kiliahirishwa kwa wiki mbili.

Sikuandika haya kwa sababu ya mabishano peke yake. Nyumbani kwangu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za jumuiya yetu, jani la mkindu la Dominika ya Matawi ya mwaka jana bado limechomekwa nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, limekauka hadi likawa na rangi ya karatasi ya kaki, na ukiligusa linatoa mlio. Dominika ya mwisho kabla ya Majivu tunayarudisha majani hayo kigangoni, katekista anayachoma kwenye karai la zege nyuma ya sakristia, anayaponda, anayachekecha kwa chekeche la unga, na kazi imekwisha. Watoto wawili watatu hutazama. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini tunaingia katika siku arobaini kimya kimya namna hiyo, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kwa mlango wa uani.

Kwa hiyo naomba kujua asili ya kanivali, mambo ambayo watu huyafanya huko inakofanyika na sababu zake, na kama kuna lolote ndani yake linalowafaa watu wa huku kwetu.

Mwalimu Mstaafu, Tosamaganga

Milele amina, mwanangu Katibu. Umeuliza jambo lililo karibu sana na moyo wangu, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Tuanze na jina. Neno kanivali limetoka Italia, katika Kilatini cha zama za kati, *carnem levare*, yaani kuondoa nyama. Hapo pana nusu ya jibu lako, kwa sababu sherehe hii imeitwa kwa jina la mfungo unaoifuata. Kwa karne nyingi Kwaresima ya Kanisa la Magharibi haikuwa kama yetu ya leo, ambayo sheria yake inadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 59, pamoja na kuacha nyama siku za Ijumaa kwa waliotimiza miaka 14. Zamani nyama iliachwa siku zote arobaini, na pamoja nayo mayai, maziwa, siagi na mafuta ya wanyama. Sasa mfikirie mama wa nyumba huko Ulaya mwezi Februari: nguruwe alichinjwa baridi ilipoanza, mafuta yake yamo mtungini, kuku wameanza kutaga tena, siagi ipo, na kuanzia kesho vyote hivyo ni marufuku hadi Pasaka. Jokofu hana. Atafanya nini isipokuwa kuvikaanga na kuwaita majirani?

Ndiyo maana karibu kila mahali desturi ya siku hizo ni ya kikaango. Waingereza hupika chapati za maji, na katika mji wa Olney wanawake hushindana mbio wakiwa wameshika vikaango, wakirusha chapati hewani na kuidaka, desturi ambayo wenyeji wanairejesha hadi mwaka 1445. Wafaransa huiita siku hiyo Mardi Gras, Jumanne ya Mafuta. Warusi, ambao ni Waorthodoksi na hawana Jumatano ya Majivu, wana wiki nzima iitwayo Maslenitsa, wakati nyama imekwisha kuachwa lakini siagi bado inaruhusiwa, nao hula chapati nyembamba wiki nzima. Umwambie yule mama wa WAWATA, kwa heshima zote, kwamba jina la Kiingereza la Jumanne hiyo, Shrove Tuesday, halitokani na chakula wala ngoma. Linatokana na maungamo, kwa kuwa ilikuwa siku ya kwenda kwa padre kutubu. Kengele ililia kuwaita watu kuungama, na waliporudi nyumbani wakakaanga. Mambo hayo mawili yalikaa katika siku moja bila ugomvi.

Kuhusu upagani, wapo wanaosema kanivali ni mtoto wa Saturnalia ya Warumi, sikukuu ambayo mabwana waliketi meza moja na watumwa wao. Mimi silikubali hilo moja kwa moja. Saturnalia ilifanyika Desemba, ilhali kanivali haina tarehe yake yenyewe, bali inavutwa na Pasaka. Pasaka ikiwa mapema, tarehe 22 Machi, Majivu yanaangukia tarehe 4 Februari. Pasaka ikichelewa hadi tarehe 25 Aprili, Majivu yanasogea hadi tarehe 10 Machi, na kanivali inasogea pamoja nayo. Kwamba watu waliingiza ndani yake vinyago na mizaha ya zamani kuliko Ukristo, hilo linawezekana kabisa, lakini mlango walioingilia ni wa Kanisa. Kanisa lenyewe halikufurahia kila kitu. Mwaka 1556, katika mji wa Macerata, Wajesuiti walianza kuweka Sakramenti Takatifu wazi kwa saa arobaini wakati wa kanivali, ili aliyechoshwa na kelele za barabarani apate mahali pa kupiga magoti.

Sasa nifike nilikotaka kufika. Sisi wa huku tulilelewa na Waconsolata, shirika lililoanzishwa Turin mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Nilipokuwa kijana, bruda mmoja mzee aliyetufundisha useremala hapa misheni alikuwa mwenyeji wa karibu na Ivrea, mji mdogo kaskazini mwa Turin. Alikuwa na tabia ya kusimamisha randa katikati ya ubao na kuanza kusimulia. Alitueleza kwamba kwao kanivali huanza na maharage. Kila mtaa hupika maharage na nyama ya nguruwe katika masufuria makubwa ya shaba, usiku kucha, yakichochewa kwa miti mirefu kama makasia, na asubuhi hugawiwa bure, desturi iliyoanza kwa ajili ya maskini. Kisha, kuanzia Jumapili hadi Jumanne, watu wa miguu hupigana kwa machungwa na watu waliopanda magari ya farasi, kwa ukumbusho wa Violetta, binti wa msaga nafaka, ambaye hadithi inasema alimkataa bwana mwenye ngome aliyetaka kumdhulumu usiku wa harusi yake, akamuua, na mji ukainuka. Asiyetaka kupigwa huvaa kofia nyekundu.

Jumatano ya Majivu watu wale wale, wengine wakiwa bado na majeraha usoni, hukutana na kula polenta na samaki wa chumvi. Polenta ni ugali wa mahindi ya njano, ndugu zangu. Bruda yule alikuwa akikaa nasi Jumatano ya Majivu mbele ya ugali na dagaa, anakata tonge, anafumba macho, na kusema kwamba siku hiyo moja ya mwaka hahitaji kurudi kwao.

Machungwa ya kurushiana sishauri myaige. Kwao ni akiba ya ziada inayoletwa kutoka kusini mwa Italia, lakini kwetu mtoto akiona chakula kinakanyagwa barabarani tutakuwa tumemfundisha vibaya. Maharage, hata hivyo, yafikirieni sana.

Muuguzi, Forest Mpya

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na naomba niongeze kutoka upande wa Ujerumani, kwa kuwa niliishi Köln miaka mitatu nikisomea uuguzi.

Kule msimu hufunguliwa mapema, tarehe 11 Novemba saa 5 na dakika 11 asubuhi, ambayo wao huiandika 11:11, kwa sababu kumi na moja inahesabiwa kuwa namba ya wapumbavu. Kisha hupoa, na siku zenyewe huanza Alhamisi kabla ya Majivu. Alhamisi hiyo ni ya wanawake. Ikifika saa 5:11 asubuhi wanawake huuteka mji, na mwanamume yeyote atakayeonekana na tai hukatwa tai hiyo kwa mkasi, awe karani au meya. Mwaka wangu wa kwanza, daktari mkuu wa wodi yetu, mtu ambaye siku nyingine hatukuthubutu kumkatiza maneno, alifika kazini amevaa tai kuukuu, iliyochakaa kwenye kingo, naye alikuwa ameivaa makusudi. Mkasi wa kukatia bandeji niliwekewa mkononi mimi, mgeni kuliko wote. Niliogopa. Alisimama, akainua kidevu, nikakata, na kipande kilibandikwa ukutani karibu na ratiba ya zamu hadi baada ya Pasaka.

Wenzangu kutoka nchi nyingine walishangaa, lakini mimi nilielewa mara moja, kwa sababu mimi ni Mhehe na ninajua utani. Ninajua namna Mngoni anavyoweza kufika msibani kwetu, akavaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake mbele ya wafiwa, akadai apewe pesa ndipo jeneza lipite, na hakuna wa kumkasirikia. Mababu zetu walipigana vita vikali karne ya 19, na utani ndio uliobaki mahali pa mikuki. Kanivali ya Köln ni utani wa mji mzima: mdogo kwa mkubwa, mwanamke kwa mwanamume, raia kwa serikali. Jumatatu inayofuata huwa na maandamano makubwa, yaliyoanza kupangwa rasmi mwaka 1823, yenye magari yaliyobeba masanamu ya kuwakejeli wanasiasa, na peremende hurushwa kwa watoto kama mvua. Mwaka 1991 maandamano hayo yalifutwa kwa sababu ya vita vya Ghuba, kwa kuwa watu waliona si wakati wa kucheka.

Kilichonigusa kuliko yote ni usiku wa Jumanne. Juu ya mlango wa baa huwa kumening'inizwa mwanasesere wa majani makavu aliyevishwa nguo za mtu, aitwaye Nubbel. Karibu na saa 6 usiku humshusha, humsindikiza kwa mishumaa kama maiti, na mtu mmoja husoma mashtaka. Nani alimaliza mshahara wangu kwa pombe? Umati hujibu kwamba ni Nubbel. Nani alimkosea mke wangu? Nubbel. Kisha humchoma moto, na nimewaona watu wazima wakilia kwelikweli. Asubuhi niliwakuta baadhi yao kanisani, kwenye foleni ya majivu. Kwa hiyo, ndugu Katibu, kwa lile la mtu kucheza Jumanne na kupiga magoti Jumatano, mimi nimeliona kwa macho yangu.

Katibu wa Vijana, Uyole

Nawashukuru sana. Hata hivyo hoja ya uchi bado imesimama, kwa sababu mama hakuziona video za Köln, ameziona za Rio. Kuna anayeweza kuieleza Rio kwa haki?

Mwalimu wa Historia, Njombe

Ndugu Katibu, ninafundisha sekondari, na somo hili ninalitamani kila ninapofika kwenye mada ya biashara ya utumwa, kwa sababu wanafunzi wanadhani habari ya watu waliochukuliwa kutoka Afrika inaishia melini.

Wareno walipeleka Brazil mchezo wao wa siku za kabla ya Kwaresima, wa kumwagiana maji na kurushiana unga. Watumwa, ambao wengi wao walitoka Angola na Kongo na baadhi Msumbiji, jirani zetu hawa, waliuona mchezo huo wakiwa upande wa kutumikishwa. Utumwa ulifutwa Brazil mwaka 1888, na waliokuwa huru, wengi wakiwa wamehamia Rio kutoka Bahia, walianza kuzijaza siku hizo kwa ngoma zao. Polisi waliwasumbua miaka mingi. Mwaka 1928 ndipo Deixa Falar, kundi linalotajwa kuwa shule ya kwanza ya samba, lilipoanzishwa katika mtaa wa Estácio, na mwaka 1984 serikali ilifungua uwanja maalumu wa maandamano, uliochorwa na msanifu Oscar Niemeyer. Shule ya samba si darasa. Ni chama cha mtaa, chenye wapiga ngoma, washonaji, mafundi seremala na wazee, kinachofanya kazi mwaka mzima kwa ajili ya usiku mmoja.

Kamera hupenda wasichana wachache wenye manyoya. Mwombe mama atazame tena, asubiri lipite kundi la kina mama wa Bahia, ambalo kila shule inalazimika kuwa nalo. Ni wanawake, wengi wao bibi kabisa, waliovaa magauni mapana yaliyofika chini na vilemba vichwani, wanaozunguka polepole hadi gauni linafunguka kama mwavuli. Wanawaenzi kina mama wa zamani walioitunza ngoma majumbani mwao wakati ilipokuwa ikikamatwa na polisi, na heshima wanayopewa haina tofauti na ile ambayo WAWATA wanapewa siku ya maandamano ya Ekaristi.

Trinidad ndiko kunakonisisimua zaidi. Huko mabwana wa mashamba Wafaransa walicheza dansi za vinyago majumbani, na watumwa walipopata uhuru, kuanzia mwaka 1834 hadi kukamilika kwake mwaka 1838, waliitwaa kanivali wakaileta barabarani kwa mienge, ngoma na mchezo wa fimbo. Waliita mchezo huo kanbule, kutokana na maneno ya Kifaransa ya kuungua kwa miwa, kwa sababu shamba lilipoungua usiku walikuwa wakiamshwa kwa mijeledi kwenda kuliokoa. Mwaka 1881 polisi walijaribu kuwazuia, wakapambana nao. Mwaka 1884 sheria ikapiga marufuku ngoma. Nao wakafanya nini? Wakakata mianzi, vipande virefu na vifupi, wakaigonga chini na kuigonganisha, mpaka ikatoa sauti zote walizonyang'anywa. Miaka ya 1930 na 1940 wakahamia kwenye mapipa ya chuma ya mafuta, ambayo waliyagonga kwa nyundo hadi yakaimba noti kamili.

Mianzi, ndugu zangu wa Njombe na Iringa! Sisi tunaifahamu kwa ulanzi tu, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Vijana wa Uyole wakitaka kuiga kitu kutoka ng'ambo, ningewaomba waanze hapo kabla ya manyoya. Na kama wanataka maandamano yenye sare na vyeo, wasiende mbali: kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mganda bado unachezwa, safu za wanaume waliovaa nadhifu, wakipuliza vibuyu, wakifuata amri za mkubwa wao, ngoma iliyotokana na kuiga kwata la askari wa kikoloni.

Mkulima, Wanging'ombe

Mimi ni Mlutheri, na kwetu pia Jumatano ya Majivu na Kwaresima vinaadhimishwa, kwa hiyo ninajihesabu kuwa mmoja wa wahusika. Nina swali moja la shambani ambalo wasomi wameliruka.

Mmesema watu wa Ulaya walikuwa wakimaliza kilichojaa ghalani. Huku kwetu mwezi Februari kihenge kinalia. Mahindi ya mwaka jana yamebaki chini kabisa, tunapepeta vumbi na wadudu. Mahindi mapya bado yana ndevu mbichi shambani, na ya kuchoma hatutayaona mpaka Machi. Debe la mahindi sokoni wakati huu lina bei inayomfanya mtu arudi nyumbani na gunia tupu. Furaha ya kula na kucheza kwetu ni Juni hadi Agosti, baada ya mavuno, wakati harusi zinapofuatana. Mkiitisha karamu Februari kwa kuiga kalenda ya wenye nguruwe mtungini, mtawabebesha michango watu ambao tayari wanafunga bila kutangaziwa. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kuona mjane akikopa ili asionekane hakuchangia sherehe ya kanisa.

Kilichopo Februari ni vitu vichache: maharage ya kwanza yanaanza kung'olewa, viazi mviringo vipo, mboga za maboga zipo kwa wingi. Na ulanzi upo. Mvua zikiwa nyingi mianzi michanga inakatwa ncha asubuhi na jioni, mbeta, vile vyombo vya mwanzi vya kukingia ulanzi, zinajaa, na wa leo asubuhi ukiwa mtamu kama soda, wa kesho kutwa ni mkangafu unaomwangusha mtu njiani. Kama kuna kitu ambacho wanaume wa nyanda hizi wanapaswa kukiaga Jumanne hiyo kwa moyo wa kweli, si nyama, ambayo wengi hawaioni mara mbili kwa mwezi. Ni mbeta.

Nyongeza fupi kwa Mwalimu wa Tosamaganga: wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi Wapolandi waliwekwa katika kambi za Ifunda na hapa kwetu Kidugala. Kwao siku kubwa ya kula ni Alhamisi kabla ya Majivu, na chakula chenyewe ni maandazi ya mviringo yaliyojazwa jamu. Maandazi ninayaunga mkono, kwa sababu unga wa ngano na mafuta kidogo havimfilisi mtu.

Mfanyabiashara, Mwanjelwa

Assalamu alaykum, na amani kwenu nyote. Mimi ni Mwislamu, mama yangu alizaliwa Makunduchi, Unguja, na nimekuwa nikisoma mjadala huu nikingoja mtu aseme neno ambalo sisi wa pwani tunalo tangu mababu. Neno hilo ni vunja jungu.

Siku za mwisho za Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, familia hukutana na kula vizuri kwa mara ya mwisho mchana, ndugu huombana radhi, waliogombana hupatanishwa ili mfungo usiwakute na vinyongo. Hiyo ndiyo vunja jungu yenye heshima. Ipo pia ya watu wanaokwenda kunywa na kufanya maovu kwa hoja kwamba toba ipo mbele, na masheikh huikemea kila mwaka kwa sababu hakuna anayeandaa toba kwa kukusanya dhambi. Kwa hiyo hofu ya yule mama wa WAWATA ninaielewa. Ni hofu ile ile ya masheikh wetu. Hata hivyo hakuna sheikh aliyewahi kukataza pilau na kuombana msamaha.

Mwalimu aliposimulia vita vya machungwa nilitabasamu, kwa sababu kwa mama yangu Makunduchi kuna Mwaka Kogwa, mwezi Julai, ambako wanaume wa kaskazini na wa kusini hupigana kwa migomba hadharani ili kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba nyimbo za kusutana ambazo siku nyingine wasingethubutu kuzitamka. Kule Köln wanachoma mwanasesere, na kwetu tunachoma kibanda.

Mwaka huu Ramadhani inatarajiwa kuanza siku ile ile ya Majivu yenu au kesho yake, kutegemea mwezi utakavyoandama. Maana yake ni kwamba Jumanne hiyo, ninyi mkiwa Uyole na sisi tukiwa Mwanjelwa, tutakuwa tunavunja jungu pamoja. Nina ombi moja tu kwa ndugu Katibu. Maharage hayo ya Ivrea yasiwe na nguruwe. Yakipikwa kwa karanga au kwa mafuta ya alizeti, jirani wa dini yoyote ataweza kuketi na kula, na mimi nitaleta ndoo mbili za maandazi.

Katibu wa Vijana, Uyole

Wazee wangu, dada zangu, nimerudi na habari. Kikao kilikaa jana baada ya misa ya pili. Nilichapisha majibu yenu yote na kuyasoma kwa sauti, na yalichukua karibu saa nzima.

Mama wa WAWATA alisikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba hajabadili mawazo kuhusu barabara, na kwamba kama ni maandamano yazunguke uwanja wa kigango tu; hilo lilipita. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba kengele ile ililia kwa ajili ya maungamo. Niliposoma tena sehemu ya Mwalimu, alitaka iandikwe katika muhtasari kwamba Baba Paroko aombwe kuja kuungamisha kuanzia saa 9 alasiri Jumanne, na chakula kifuate baada ya hapo. Unga wa maandazi ya upande wetu alisema atautoa yeye.

Hakutakuwa na mchango wa lazima. Kila nyumba italeta alichonacho mwenye nyumba, hata kama ni kikombe kimoja cha maharage, na kitamiminwa katika gunia moja bila jina kuandikwa. Nguruwe hatakuwapo. Vijana wamekubali kuacha manyoya na wamekwenda kuomba mianzi kwa mzee mmoja wa Inyala, wanaipima na kuikata nyuma ya ofisi, na hadi sasa wamepata sauti tatu zinazopatana. Utani wa Köln tumeuchukua kwa namna moja: siku hiyo watoto wa Mafundisho ya Kwanza ndio watakaoketi meza kuu, na wajumbe wa halmashauri, pamoja na mwenyekiti, watafunga vitenge kiunoni na kuwahudumia. Mwenyekiti aliguna, lakini alikubali.

Chakula kikiisha, giza likiwa limeingia, karai la katekista litatolewa nyuma ya sakristia na kuwekwa katikati ya uwanja, na kila mtu ataweka jani lake mwenyewe motoni. Atakayependa kuaga mbeta ataiweka chini kando ya karai, na hakuna atakayeulizwa.

Maharage yataloweshwa Jumatatu jioni. Tulichopungukiwa ni masufuria, kwa kuwa tunayo mawili tu ya lita hamsini, na moja limetoboka kitako. Kama kuna mtu wa Mbeya mjini mwenye sufuria kubwa la harusi ambalo halina kazi wiki hiyo, naomba anijulishe hapa kabla ya Dominika, nitalifuata mwenyewe kwa bajaji.